Soksi za Kanisani

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nina mishipa iliyovimba miguuni. Aliyeuliza habari za michirizi ya buluu nyuma ya goti aliambiwa nimejigonga kwenye meza. Nilikuwa na shahada ya fasihi, na kazi ya kusimama tangu asubuhi katika jiko la shule huko Tumba, Uswidi, nikigawa viazi. Sikutaka miguu nayo ianze kusimulia habari zangu.

Muuguzi wa wafanyakazi hakuiamini meza yangu. Alinipa soksi nyeusi za kubana, akaniagiza nizivae kabla sijashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba. Nikiwa namenya, nikalie kiti kirefu cha jikoni. Nikisimama, niinue visigino mara kwa mara, mashavu ya miguu yapate kusukuma damu juu. Niliitikia kila neno. Kiti nikakiwekea mkoba, kwa sababu kukaa huko juu wenzangu wamesimama nilikuona ni kujifanya bosi. Soksi nazo zilikuwa nzuri mno kurushiwa mchuzi. Nikazifanya za kanisani.

Jumapili moja ya baridi, baada ya ibada huko Alby, nilizivua katika chumba cha kwaya nikakuta shavu la mguu wa kushoto limevimba, jekundu, la moto. Rafiki yangu, Mrundi wa kwaya, alikuwa tayari amefungua kichupa cha dawa ya kuchua.

"Dada, lete mguu. Nitaukanda mpaka uombe msamaha."

Alikuwa ameshaanza kuukanda, ndipo binti yangu akaingia.

"Nej, mamma!" Akaendelea kwa Kiswidi: kama kuna damu iliyoganda ndani, kukanda kunaweza kuipeleka kwenye mapafu.

"Haya, daktari mdogo," rafiki yangu akasema. "Mikono hii imekanda wazazi wote wa kanisa hili."

"Na wote bado wapo hai?"

Kichupa kikafungwa.

Kesho yake nilipigwa picha ya mishipa. Wakaniambia daktari ataipitia, na yule muuguzi wa kazini atanipigia simu mchana. Nilikaa nyumbani, mguu juu ya mto, simu juu ya tumbo, nikijisikiliza pumzi. Kila pumzi fupi niliihesabu kuwa ya mwisho. Rafiki yangu alikuja kutoka Hagsätra na sufuria ya maharage ambayo hakuna aliyeifunua. Aliosha kikombe kisafi, akakiosha tena.

"Dada, nilikanda kidogo tu. Si ndiyo?"

"Kidogo tu."

"Juu juu."

"Juu juu."

Simu ikalia. Yule muuguzi alizungumza polepole, kama wanavyozungumza na sisi wageni. Mishipa ya ndani ilikuwa mizima. Mshipa uliowaka ni wa juu, chini ya ngozi. Utatulia. Nikamwinulia rafiki yangu kidole gumba, naye akaketi sakafuni palepale, kikombe mkononi.

"Zile soksi," muuguzi akauliza, "unazivaa?"

"Kila Jumapili."

"Jumapili unafanya kazi?"

"Hapana. Naenda kanisani."

"Na huko unasimama?"

"Nakaa. Ibada yetu ni ndefu."

Nikasikia akishusha pumzi.

"Basi Mungu ameziona vya kutosha," akasema. "Ukirudi jikoni, zivae jikoni."