Bugaluu ya Kenani

Shemeji yangu Lyson Mkwinda alikuwa fundi cherehani pale Limbe, barazani mwa duka la vitambaa. Alipenda mambo mawili kupita kiasi: muziki na suruali. Santuri zake, nyingi zikiwa zimeletwa na watu wa migodi ya Johannesburg, zilikaa chini ya kitanda. Jumamosi akishakula nsima, ugali wetu, alifunga mlango, akawasha gramafoni na kumvuta mkewe, dada yangu Estere, wacheze. Dada alikuwa mjamzito, analalamika miguu, na bado anacheza. Mimi nilikaa nao chumba cha nyuma, nikiuza mandasi. Sijaona tena watu wakipendeza kama miaka ile ya sabini. Wala sijaona tena watu wakiogopa vile.

Suruali za bugaluu, zile zenye miguu mipana chini, zilikuwa marufuku kwa sheria. Mwanamume mwenye afro alinyolewa palepale alipokutwa, na mwanamke aliyeonyesha goti alikiona cha moto. Vijana wa chama walisimama stendi na mikasi mkononi. Mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno moja alilosema kilabuni, na nyumbani kwake wasithubutu tena kumtaja.

Kiongozi wa vijana hao mtaani kwetu aliitwa Kenani. Alikuwa mrefu, na shati lake jekundu la chama lilinyooka kwa pasi. Siku moja ya mvua mafundi wengine walikuwa wamekimbilia ndani ya duka, nami nilikuwa nimempelekea shemeji chai. Kenani akaja akasimama mbele ya cherehani, maji yakimchuruzika.

"Fundi, nasikia unajua sana kushona bugaluu."

Mguu wa shemeji ukaganda kwenye kikanyagio. "Nani kasema, bwana mkubwa? Mimi nashona sare za shule."

"Usinidanganye. Nusu ya Limbe uliwashonea wewe."

"Hiyo ni kabla ya sheria. Siku hizi hata nikiota nimeivaa, naivua kwanza ndipo niamke."

Kenani hakucheka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Basi nishonee moja. Nataka kupigwa nayo picha tu. Nikishapigwa, naichoma."

Alipoondoka, chai ilikuwa imepoa na shemeji hakuigusa.

Nyumbani dada aliposikia alikaa chini sakafuni. "Mume wangu, huo ni mtego. Suruali yako itavaliwa mpaka ofisini kwa chama."

"Na nikikataa? Hukuyaona macho yake."

"Mwambie mkono unauma."

"Sare za shule nazishona na nini, na meno?"

Jumapili, majirani walipokwenda kanisani, shemeji alishona ndani, pazia limeshushwa. Mimi nilikaa mlangoni na beseni langu la mandasi, nikiambiwa nikohoe akitokea mtu. Alikuwa amenunua uzi soko la mbali ili usifanane na uzi wake. Sindano zilimkatikia. Lakini alipomaliza aliinyanyua ile suruali, rangi ya damu ya mzee, akashindwa kuzuia tabasamu.

"Tazama inavyoanguka," akasema.

"Tutakutazama wewe utakavyoanguka," dada akamjibu.

Kenani aliichukua akaificha ndani ya koti la mvua. Tukashusha pumzi. Kumbe mpiga picha aliyempiga aliipenda mno ile picha, akaitundika dirishani mwa studio yake katikati ya picha za maharusi. Nilikuwa napita na mandasi nikaiona: Kenani kaegemea pazia lililochorwa bustani, mkono kiunoni, suruali imefunika viatu vyake virefu vya raizoni, anacheka kama mtoto. Beseni nusura linidondoke. Nilikimbia kumwambia shemeji. Alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ukaenda upogo.

Kabla ya saa sita mchana Kenani alikuwa ameshakamatwa. Waliomchukua walikuwa vijana wake mwenyewe.

"Twende kwetu Mulanje," dada alimsihi mumewe. "Hata tuvuke mpaka."

"Nikikimbia nimejitaja."

Siku ileile, wakija kupekua wasikute kitu, alivunja santuri zake zote, mojamoja, akazitumbukiza chooni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Kuanzia hapo kila gari lililopunguza mwendo lilimsimamisha mguu kwenye kikanyagio. Mtoto alipozaliwa, shemeji aliogopa kumzoea. Alimshika kidogo, akamrudisha kwa mama yake.

Halafu likaja Landrova, likasimama mbele ya baraza. Wakashuka wanaume wawili wenye mashati mekundu. Yule mfupi akaweka kifurushi juu ya cherehani na kukifungua. Lilikuwa shati la Kenani.

"Mimi ndiye kiongozi mpya," akasema. "Lipunguze linitoshe."

Shemeji alisimama akampima mabega. Futi ya kitambaa ilikuwa inacheza mkononi.

"Mbona unatetemeka, fundi?"

"Malaria, bwana mkubwa."

"Malaria na joto lote hili? Kunywa dawa, mzee." Wakacheka, wakaondoka.

Shemeji alilipunguza lile shati. Usiniulize alijisikiaje, mimi niliona tu alipomaliza alifunika cherehani, akaenda nyumbani mapema.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kenani akatokea barazani akichechemea, mashavu yameingia ndani, meno ya mbele hayapo. Suruali yake ya kaki aliifunga kwa kamba. Mafundi wote wakajifanya wana kazi nyingi.

"Fundi," akasema, "nipunguzie kiuno."

Shemeji akachukua futi, akapiga goti kumpima. Wakiwa karibu hivyo, Kenani alinong'ona, "Niliwaambia ile suruali nililetewa kutoka Salisbury, ng'ambo ya mpaka. Waliuliza na kuuliza. Nikasema Salisbury."

Shemeji hakuweza kusema asante. Neno lenyewe lingewaponza wote wawili. Aliandika vipimo kwa chaki, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Njoo nyumbani ukaijaribu."

Jioni alipokuja, dada alimpikia nsima na maharage. Walikula sahani moja, wale wanaume wawili, kila mmoja akiangalia barabara.