Jina la Sita

Samaki mkavu wa Kasenga ana harufu isiyojua kuaga. Inaingia kwenye nywele, kwenye mkoba, kwenye mkate uliousahau mezani, na hata ukioga mara mbili, jirani yako kanisani atasogea kidogo kwenye benchi. Annie Kasonde aliishi na harufu hiyo miezi kumi na minne. Lakini ukimuuliza leo ni kitu gani kilimtia kinyaa katika kazi ile, hatataja samaki. Samaki walikuwa wasafi kuliko watu fulani.

Annie ni asistanti katika maabara ya kemia ya chuo kimoja hapa Lubumbashi. Kwa wasiojua mambo ya chuo, asistanti ni mtu anayefundisha somo la profesa, anasahihisha mitihani ya profesa, na siku profesa akisafiri anamtunzia ufunguo wa ofisi. Mwaka huu ni wake wa kumi na moja katika cheo hicho. Ili apande ngazi moja, awe chef de travaux, alihitaji jina lake lisomeke kwenye kazi moja iliyokubaliwa na mkutano wa wanasayansi wa nje. Moja tu. Wenzake walioanza naye wote walishapanda, mmoja wao akiwa hajui hata kuwasha mizani.

Kazi ya samaki aliifanya na Papa Godé, yaani Godefroid, laborantin, fundi wa vipimo wa pale. Mzee huyo alikaa maabarani miaka thelathini na minne. Baba yake alikuwa mtu wa reli, babu yake vilevile, na yeye aliishika kazi yake kwa namna ya watu wa reli: saa moja kasoro amefika, koti jeupe limepigwa pasi, kila kitu kimeandikwa kwenye daftari. Tarehe, uzito, saa ya kuwasha fourneau, lile tanuri la kuchomea, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi. Vitu vilivyopita mikononi mwake vilifika Ulaya mara nyingi, vikiwa na majina ya watu wengine. La kwake halikuandikwa popote, kwa sababu hakuwa na diploma, na huku kwetu mtu asiye na diploma hata akivumbua moto ataambiwa ashike kibiriti wengine wapigwe picha.

Walikuwa wanatafuta madini yenye sumu katika samaki mkavu anayeletwa mjini kutoka Pweto na Kasenga. Unasaga samaki, unamchoma mpaka awe majivu, unapima. Vipimo vya kwanza vilitisha, na Profesa Floribert, mwenye maabara, alifurahi sana. Habari ya kutisha inapendwa mikutanoni. Papa Godé peke yake ndiye aliyeuliza swali la mtu mwenye akili. Alisema mke wake, Mama Bénie, hapiki samaki mkavu bila kumwosha mara tatu kwa maji ya vuguvugu. Sasa sisi tunapima samaki wa nani, huyu mwenye vumbi lote la barabara? Basi wakaanza kumpasua kila samaki vipande viwili, kimoja kinaoshwa kama kwa Mama Bénie, kingine hakioshwi. Kilichooshwa kilibaki na theluthi ya madini. Sehemu kubwa ya ile sumu haikuwa ndani ya nyama, ilikuwa vumbi lililomkalia juu njiani. Hapo ndipo kazi ilipopata maana, maana mama yeyote sokoni angeweza kuitumia siku ileile.

Mwezi wa pili figo za Papa Godé zilikataa. Annie alikwenda kumwona hospitalini, akamkuta amekonda, koti jeupe limetundikwa kwenye msumari utafikiri kesho anarudi kazini. Akamwambia kwamba kazi yao ikienda kwenye mkutano, jina lake litakuwamo. Mzee akacheka kidogo.

"Hata ya mwisho, mutoto yangu," alisema. "Bénie aione tu."

Akafa mwezi wa tatu. Kilio kilikuwa kikubwa, profesa akaja na shada la maua na hotuba, akamwita nguzo ya maabara yetu. Mama Bénie alimshukuru.

Siku ya mwisho ya kupeleka muhtasari ilikuwa Ijumaa, saa sita kamili za mchana. Masharti yalikuwa wazi: maneno mia mbili na hamsini, mchoro mmoja, majina yasiyozidi sita. Annie alikuwa na mchoro wake tayari, nguzo za kijivu kwa samaki asiyeoshwa, nguzo za buluu kwa aliyeoshwa, Pweto upande huu, Kasenga upande ule. Maabarani umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumatano, kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye sibere moja, duka la intaneti, katikati ya mji, karibu na mabenki. Tovuti ya mkutano iliukataa mchoro mara ya kwanza kwa kuwa mzito, mara ya pili kwa kuwa herufi ni ndogo. Profesa naye alikuwa ameandika jana yake akitaka nembo ya fakulte ya chuo iwekwe juu ya nguzo, ionekane. Nembo juu ya samaki, jamani. Hakuiweka.

Saa nne ikaingia kwenye simu yake orodha ya majina kutoka kwa profesa. Wa kwanza Profesa Floribert. Wa pili dekani, mkuu wa fakulte, aliyeingia maabarani mara moja tu kuomba pombe kali ya kusafishia kompyuta yake. Wa tatu mkurugenzi wa ofisi fulani ambaye Annie alimjua kwenye televisheni. Wa nne profesa mmoja wa nje aliyewahi kulala kwa profesa wetu wiki mbili. Wa tano Princesse. Wa sita Annie.

Princesse ni binti wa profesa, yuko mwaka wa pili wa udaktari. Hakuna siku aliyokanyaga pale, na angekanyaga angeziba pua. Pembeni ya jina lake baba yake aliandika kwamba yeye ndiye atakayeiwasilisha kazi. Annie hakuhitaji kuelezwa. Mwenye kuwasilisha anapewa barua ya mwaliko, na barua hiyo inafungua mlango wa viza.

Aliisoma orodha ile mara mbili. Miezi kumi na minne ya kusaga vichwa vya samaki haikumtapisha, ila watu watano hawa waliojipanga kama wageni wa heshima kwenye viti vya mbele vya arusi wasiyoichangia, ndio waliomletea mate ya chumvi mdomoni. Alimlipa mwenye sibere, akamwomba amtunzie mashine, akaenda kwa miguu mpaka ofisini kwa profesa, kwenye jengo la utawala hapohapo mjini.

Profesa alimpokea vizuri. Ni mtu wa tabasamu. Annie akamweleza kuhusu Papa Godé, swali lake, daftari lake, ahadi ya hospitalini. Akaomba jina moja liondolewe, hata la yule wa televisheni.

"Maman Annie, muntu alishakufa," profesa akasema. "Jina itamusaidia nini? Na hakukuwa hata na diplôme."

Annie akajibu kwamba lile wazo la kuosha samaki lilikuwa lake. Profesa akacheka, akachukua simu iliyokuwa inalia, na kabla hajaipokea akamtupia neno.

"Kama unamupenda sana, umupatie nafasi yako."

Alisema hivyo kama mzaha, macho yakiwa kwenye simu. Alijua vizuri kwamba mtu aliyesubiri miaka kumi na mmoja hawezi kutoa kitu hicho. Ndicho kilichomchukiza Annie kuliko yote: kuona kwamba mwenzake ameshapima njaa yake na anaitegemea. Alitoka bila kuaga.

Saa sita kasorobo alikuwa tena mbele ya mashine. Majina matano ya kwanza aliyaandika moja baada ya jingine bila kosa, hata cheo kirefu cha dekani. Kwenye mstari wa sita akaandika jina la Godefroid lote, la ubatizo na la ukoo. Alifikiria barua ya kupandishwa, alifikiria watoto wake wanaojaza fomu za shule na kuandika kazi ya mama, asistanti, mwaka baada ya mwaka. Saa sita kasoro dakika nne akabonyeza kutuma. Nakala ilipomfikia profesa, hakupiga simu wala kuuliza. Alituma alama ya kidole gumba tu.

Mwezi wa tano waandaaji wakaandika. Akaunti ilikuwa ya Annie, kama siku zote, na barua ilimfikia yeye. Mhakiki wao alikuwa na swali moja juu ya mchoro: samaki alioshwa vipi, kwa maji ya joto gani, mara ngapi, kwa dakika ngapi? Jibu lisipofika ndani ya siku tano, kazi itaondolewa. Annie akaipeleka barua kwa waandishi. Dekani akajibu kwamba anamwachia profesa. Profesa akampigia Annie, ajibu yeye.

Siku nne Annie hakujibu kitu. Mpe raha yake, alistahili. Alitembea korido ile akimwona profesa anatabasamu kwa shida, na moyoni akasema waache wazame, wamuulize yule wa televisheni maji yalikuwa ya joto gani. Kati ya majina yale sita ni mmoja tu aliyejua, na alikuwa makaburini. Lakini siku ya nne jioni ndipo lilipomjia wazi: wakizama watano, wa sita anazama nao. Wale wenyewe watapanda boti nyingine mwezi ujao. Papa Godé hana nyingine.

Akatoa daftari kabatini. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa mwandiko wa mzee ulionyooka: nyuzi arobaini, mara tatu, dakika tano kila mara, na chini yake, "kama vile Bénie anafanya nyumbani." Akaupiga picha, akautafsiri, akautuma, akaeleza kwamba jibu ni la mwandishi wa sita, aliyefariki mwezi wa tatu. Kazi ikakubaliwa. Profesa akamwita akamshika mikono yote miwili, akamwomba sasa atengeneze bango kubwa la kubandika ukutani kule, halafu amfundishe Princesse namna ya kulieleza.

"Hapana, Prof," Annie akasema. "Mimi siko kwenye liste."

Tabasamu likakaa pale usoni pake, halina pa kwenda. Barua ya kupandishwa mwaka huu haikuja, na Annie hakuwa anaingoja.

Programu ya mkutano ilipotoka, akaichapisha ukurasa mmoja, akaenda kwa Mama Bénie Jumapili baada ya misa. Mama alivaa miwani ya marehemu, akapitisha kidole polepole juu ya majina mpaka la mwisho. Akalisoma kwa sauti, lote, la ubatizo na la ukoo. Annie akamsomea pia ule mstari wa daftari, na mama akafunika mdomo kwa kitenge. Kisha kidole kikarudi juu ya karatasi, kikashuka tena mstari kwa mstari, kikapanda, kikashuka.

"Na ya kwako iko wapi?"

"Haikuenea, mama. Nafasi ni sita tu."

Mama Bénie akaishusha miwani, akamtazama mpaka Annie akaangalia chini. Halafu akainuka, akaenda jikoni kuweka maji ya samaki motoni.