Rinda Langu la Rangi ya Paipai

Mimi si bahili. Nianzie hapo, kwa sababu kuna watu wa upande wa mume wangu waliolieneza jambo hili mpaka likafika Muhuru Bay kwa mama yangu mzazi, naye akanipigia simu kuniuliza kama ni kweli nimekula kiapo cha kutonunua nguo. Sijala kiapo chochote. Ni kwamba nguo nikiinunua, nimeinunua niivae, si niitazame ikining'inia kabatini. Na nikishaivaa, sioni kwa nini niiache ati kwa sababu jirani ameizoea. Mbona jirani mwenyewe nimemzoea na bado ninamsalimia?

Rinda ninalotaka kulizungumzia nilishonewa Rongo, mwaka tulipohamia pale na mume wangu kufungua duka la nafaka. Kitambaa nilikichagua mwenyewe sokoni, pamba nzito, rangi ya paipai lililoiva, rangi isiyoona haya. Fundi aliniambia rangi hiyo ni ya wasichana. Nikamwambia mimi ni msichana, ashone. Nikamwagiza aache upindo wa kiganja kizima kule chini, na kwenye mishono ya ubavuni aache kitambaa cha akiba kwa ndani. Alinung'unika sana kwamba ninapoteza kitambaa.

Hakuna kilichopotea. Nilipopata watoto tulifumua ubavuni nikaingia. Walipoacha kunyonya tukabana. Kisha nikanenepa kwa raha zangu tu, tukafumua tena, mpaka akiba ikaisha na ikabidi tutie vipande vya kahawia kila upande. Mikono mirefu ilipochakaa viwikoni nilikata, ikawa mikono mifupi. Kola ilipoanza kutoa nyuzi niliibandua, nikaigeuza upande wa ndani ukawa nje, na Sabato iliyofuata nikakaa benchi la mbele kanisani. Nalifua kwa maji baridi na sabuni ya kipande, nalianika kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje, na Ijumaa kabla jua halijazama linakuwa limeshapigwa pasi. Lina zipu ya tatu sasa, au ya nne, sikumbuki.

Mpinzani mkuu wa rinda hili alikuwa mke wa mdogo wa mume wangu. Sisi wake wa ndugu tunaitana nyieka, mke mwenzangu, ijapokuwa kila mmoja ana mume wake na anamtosha. Nyieka wangu anakaa Homa Bay mjini, ana kazi ya ofisini, na ana kabati ambalo mlango wake haufungiki. Nguo akiivaa mara chache anaigawa. Tunapendana, lakini ulimi wake una makali. Krismasi moja, mbele ya ukoo mzima, alisema kwamba kama rinda langu lingekuwa mtu, lingekuwa limeshachukua kitambulisho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikamjibu kwamba angalau langu lingeandikiwa makazi, maana nguo zake zote zimelala kwake kama wageni. Hapo walicheka tena, na mimi nikachukua kipande kingine cha kuku.

Aliyekuwa upande wangu ni mmoja, naye alinitosha: mama mkwe. Anaishi nje kidogo ya Homa Bay, na mchana hukaa kwenye kigoda mlangoni pake. Nilikuwa nikifika pale Jumapili, kabla sijapiga hodi, kabla hata sijafungua lango vizuri, ananiita, "Nyar Muhuru!" Maana yake binti wa Muhuru, huku mke huitwa kwa alikotoka, hata azeeke vipi. Kisha analisifia rinda langu. Hilo ndilo rinda, atasema, mtu anakuja akionekana kuwa anakuja. Atauliza kwa nini wenzangu wanavaa rangi za maji ya kuoshea vyombo. Nyieka akiwapo, mimi hujifanya sijasikia ili Mama arudie. Wacha bwana, sifa ni tamu. Kila safari ya kwa Mama nikawa navaa lile lile.

Basi mjukuu wake mmoja akaoa. Kamati ya harusi ikaamua kwamba wake wote wa boma washone sare: kitenge cha samawati, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Nilipinga kwenye kikao. Nilisema usiache mbachao kwa msala upitao, na nyieka, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akasema methali haivaliwi harusini, tuendelee na ajenda. Nikashona. Siku ya harusi tulijipanga wake saba, sawa kama wanafunzi wa bweni.

Mama alikuwa amewekwa kwenye hema, kiti cha heshima. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza Nyar Muhuru amefika? Nami nilikuwa mbele yake. Nikamwambia niko hapa, Mama, akacheka na kusema anajua, alikuwa anatania. Sikuwaza zaidi. Harusi ina kazi nyingi.

Wakati wa chakula nyieka akainama kumwekea sahani. Mama akamdaka mkono, akamvuta, akamnong'oneza sikioni. Lakini mnong'ono wa mzee unaujua. Kwaya yote ilisikia.

"Nyar Muhuru, afadhali umekuja. Huyu wa mjini ananipikia wali tangu juzi, ni kama natafuna changarawe. Hebu niletee chakula cha mkono wako."

Huyo wa mjini alikuwa ndiye aliyeshikwa mkono. Alisimama pale na sahani ya wali wake. Kisha akaiweka mezani taratibu, akaenda zake nyuma ya jiko. Nikamfuata. Nilimkuta analia na kuchafua kilemba, na aliponiona akanirukia: kumbe ndiyo kazi yangu kila Jumapili, kumchongea kwa Mama kuhusu wali wake! Nami hasira zangu hazikai mbali. Nilishafungua mdomo kumwambia kwamba wali huo hauhitaji mchongezi. Hapo ndipo likanigonga kichwani. Mama alimshika mkono. Uso wake ulikuwa karibu na wa nyieka kiasi cha kubusiana. Na bado alimwita kwa jina langu.

Nikamwambia nyieka anyamaze, Mama haoni.

Hakuamini. Tukarudi pamoja, tukasimama mbele ya Mama bega kwa bega, samawati na samawati, bila kusema neno. Mama akatabasamu. Alikuwa akitabasamia nafasi iliyokuwa katikati yetu.

"Mbona mmenyamaza?" akasema. "Semeni basi mjulikane."

Nyieka alinifinya mkono mpaka ukauma. Mimi moyo uliniuma zaidi. Miaka yote ile nilikuwa najivuna kwamba mama mkwe ananipenda mpaka ananijua kutoka langoni, kumbe alikuwa anaona doa la chungwa likija na kulisalimia. Na alikuwa ameficha kwa ujanja wa ajabu: wengine aliwajua kwa sauti, kwa kikohozi, kwa mlio wa pikipiki zao.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Jicho la kulia likipasuliwa sasa litaona vizuri. Tukizidi kukawia, huenda lisifae tena. Tulifurahi, tukajua mambo yamekwisha. Tulikuwa hatumjui Mama.

Alikataa katakata. Alisema kisu ni cha samaki. Alisema njia ya chooni anaijua, kuku wake anawajua kwa sauti, na watu wote wanaostahili kuonwa alishawaona. Wanawe walimbembeleza kwa zamu. Mchungaji akaja akaomba sala ndefu, Mama akaitikia amina kwa nguvu na kukataa tena. Na wiki hiyo hiyo akajikwaa kwenye mafiga, sufuria ya uji ikamwagika shubiri moja tu kutoka mguuni pake. Nilipopata habari hiyo nilikasirika kabisa. Unaweza kumkasirikia mtu kwa sababu unamtaka awepo, na mimi nilikuwa nimefika hapo.

Jumapili nikavaa rinda langu, nikaenda. Akaniita kutoka mlangoni kama kawaida. Nikakaa chini karibu na kigoda chake na kumwambia nilichokuja nacho. Nilimwambia leo tena amesalimia nguo. Nilimwambia nimechoka nguo kupokea salamu zangu. Akikataa kwenda hospitali, rinda nitalichana liwe tambara la kupigia deki, na kuanzia wiki ijayo nitakuja na samawati, na kila nikifika itabidi aniulize mimi ni nani. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kama amepaliwa. Mama mkwe haambiwi hivyo. Lakini nilishasema.

Mkono wa Mama ukashuka, ukatafuta upindo wa rinda, akaufikicha kwa vidole kama anayepima unga.

"Nikienda," akasema, "siku nitakayofunguliwa, hili ndilo nilione kwanza. Ulifue vizuri."

Tulirudi Rongo tunaimba. Kesho yake nikalifua, nikalianika, nikarudi nyuma hatua chache na kulitazama. Lo. Sikuwa nimelitazama kwa miaka mingi. Nilikuwa nalivaa tu. Rangi ya paipai ilikuwa imekwenda, imebaki rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mara ya pili. Ubavuni kahawia. Kwapani kiraka, na kando ya kiraka kiraka. Mama alikuwa analisifu rinda aliloliona macho yake yakiwa mazima, na mengine alijimalizia mwenyewe. Sasa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwonyesha ukweli, tena siku ya kwanza. Niliona aibu, na nikaogopa kwamba atajuta kuona.

Nyieka akafika siku mbili kabla ya upasuaji, safari nzima kutoka Homa Bay, na kifurushi mkononi. Ndani mlikuwa na rinda jipya. Rangi ya paipai, pamba nzito, mikono mirefu kama ya zamani. Vipimo alivitoa kwa fundi wa sare. Alisema nivae hilo, Mama hatajua, afurahi, na hakuna atakayekufa kwa uongo mdogo namna hiyo. Nilimkumbatia. Kwa mtu aliyekuwa amenitukania nguo miaka yote, ule ulikuwa wema mkubwa, na tangu siku ile ya wali hatukuwa tumecheka pamoja. Nikalijaribu mbele ya kioo. Lilinikaa sawasawa. Sitadanganya, nililitaka.

Lakini nilipolivua nikafikiri: mama wa watu amekubali kisu kiingie jichoni ili aone, halafu kitu cha kwanza tumpe ni cha kumdanganya? Hapana. Nikamwambia nyieka lake nitalivaa Sabato na kila mtu ataambiwa nani kanishonea. Hospitali nitaenda na langu. Akaniuliza kama sitaona aibu. Nikamwambia nitaona.

Asubuhi ya kufunguliwa tulikuwa wanne wodini: Mama kitandani, nesi, mimi, na nyieka nyuma yangu akipumua kwa sauti. Nesi akabandua bendeji, akasafisha, akamwambia afungue jicho polepole. Mama akalifungua. Likatoa maji. Akapepesa, akatazama dirisha, akatazama mkono wake mwenyewe akiugeuza huku na huku. Kisha akanigeukia mimi, yaani rinda.

Akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha ubavuni, kile cha kahawia. Akapanda mpaka kwenye kiraka, akakipapasa. Akanivuta chini, akakunja ncha ya kola na kuona kwamba imegeuzwa. Hakuharakisha.

"Limepauka kidogo," akasema hatimaye. "Lakini ndilo."

Nikashusha pumzi. Nyieka akacheka kwa pua. Halafu Mama akainua uso, akanitazama usoni, akatulia hapo. Mara ya mwisho alipouona uso wangu vizuri nilikuwa mke mpya mwenye mtoto mmoja mgongoni. Jicho lake likapita kwenye mvi zangu za pembeni, likashuka kwenye mikunjo ya mdomo, likarudi juu. Akatabasamu.

"Nyar Muhuru," akasema taratibu, "rinda nimelitambua. Wewe umezeeka lini?"

Nilitaka kumjibu kwa utani, si unanijua, lakini utani haukuja.

"Humu humu ndani yake, Mama."

Akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nami nikaanza, na nyieka aliyekuwa amejizuia muda wote akatushinda sote kwa sauti. Nesi akatugombeza, akasema jicho lililopasuliwa jana halitaki machozi. Tukajitahidi kumtii.