Nyota Iliyomtia Hofu Nahodha Revocatus

Revocatus alizaliwa Nansio, na tangu ujana alikuwa nahodha wa boti la mizigo, akileta mananasi na machungwa hadi mwalo wa Kirumba, Mwanza. Jioni alipenda kukaa nje na mkewe, Prudencia. Kila Januari alimwonyesha nyota moja kubwa, nyekundu kama kaa la moto.

"Hiyo yangu," angesema. "Ile nyeupe ya upande wa pili ni yako."

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alinyamaza. Nyota yake ilikuwa imefifia, hata haikumvutia mtu. Revocatus akayashuku macho yake, maana mama yake alipofuka akiwa na umri kama wake. Akamwendea Masalu, mwenye boti, akamwambia kiuno kinamsumbua, atafute nahodha mwingine. Aliogopa kuwazamisha watu.

Prudencia alimtazama akishinda nyumbani.

"Baba Rachel, kiuno gani hicho kinachokuruhusu kubeba ndoo mbili za maji? Niambie ukweli."

Akamwambia. Prudencia hakucheka. Alimshika mkono wakatoka nje.

"Yangu unaionaje?"

"Inawaka kama siku zote."

"Na yako?"

"Imefifia."

"Hata mimi naiona imefifia. Sasa macho yetu sote yameamua kuionea nyota moja?"

Wakampigia simu binti yao Rachel, mwalimu huko Bukoba. Akaulizia kwa wenzake, kisha akapiga tena huku akicheka.

"Baba, huumwi! Ni nyota yenyewe. Wataalamu wanaiita Ibuti la Jauza. Mwanga wake hupanda na kushuka, ila safari hii umeshuka mno, dunia nzima inaitazama."

Revocatus alikaa juu ya jiwe akajifuta machozi. Hata hivyo asubuhi Prudencia alimpeleka kupimwa, na macho yakaonekana mazima. Masalu aliposikia kisa chote alicheka hadi akashika mbavu, akamrudishia boti lake.

Kabla ya Pasaka nyota iling'aa tena, lakini Prudencia alikuwa bado na lake moyoni. Siku moja wakila alimwambia, "Ukianza kupofuka kweli, nitaambiwa mimi kwanza. Siyo Masalu."

"Nitakwambia."

"Apa."

Revocatus akaapa, mdomo umejaa sato.