Mtamba Niliyepewa Mlangoni

…lakini yule msomaji wa gazeti lenu aliyeandika kwamba nchi ikishiba watu wake hufurahi, mimi ningependa aje akae kwetu siku mbili tu. Wala siandiki kwa uchungu wa mtu aliyekosa bahati. Nina miaka ishirini, nilisoma sekondari ya misheni mpaka fomu ya pili, na nimeolewa juzijuzi na mwanamume ambaye akitabasamu nasahau nilichokuwa nikisema. Ni mkamuaji mkuu katika shamba la mzungu mmoja upande wa Molo. Nawaomba mfiche jina langu, lake, na la shamba.

Utajiri upo. Ngano imetanda mpaka macho yachoke, kondoo wamenona, na kila asubuhi makopo ya krimu hupakiwa kwenda stesheni. Wageni wakija husema, "Lo, watu wa hapa wana raha!" Hawajui kwamba hapa kila mtu humpiga aliye chini yake. Bwana humpiga nyapara makofi mbele ya watu, nyapara huwapiga wakamuaji, nao wakilewa huwapiga wake zao. Hata memsahibu, mke wa Bwana, nimemwona bustanini jicho limevimba, akikata mawaridi kana kwamba anachinja kuku. Mume wangu peke yake hapigi. Hukamua akiimba, na ng'ombe humgeuzia shingo kumsikiliza. Ndivyo nilivyompenda.

Kwa kabila letu bibi arusi haingii nyumbani kwa maneno matamu. Husimama mlangoni mpaka aahidiwe mnyama. Basi nami nilisimama, kitambaa usoni, moyo ukinidunda kwa furaha. Mama mkwe akaniahidi mbuzi. Shangazi zangu wakanifinya nisikubali. "Msomi huyu!" mama mkwe akacheka. "Anataka tuuze na paa?" Watu wakaangua kicheko. Ndipo mume wangu akasema kwa sauti kubwa, "Ingia, mpenzi wangu. Nakupa yule mtamba mwekundu." Vigelegele vikapasua anga, nikaingia nikilia.

Mtamba huyo alizaliwa dhaifu, mama yake akafa, na Bwana akaamuru atupiwe mbwa. Mume wangu alimwombea uhai kwa Mungu kimya kimya, akamlea kwa maziwa yaliyotolewa krimu, akimnyonyesha kwa kidole. Akakua, akapata mimba. Siku zote alichungwa pamoja na kundi la Bwana, na hakuna aliyesema neno. Sisi tulihesabu kwamba aliyeokoa ndiye mwenyewe. Lakini nyapara alikuwa kwenye arusi, akila nyama yetu.

Asubuhi yake Bwana alifika na nyapara na askari wawili wa shamba. Mtamba alikuwa amefungwa mlangoni petu.

"Nani nagawa gombe yangu?"

"Bwana, ulisema nimtupe," mume wangu akajibu kwa heshima. "Mimi nikamlea."

"Mimi nasema tupa! Hapana sema chukua!"

Wakamfunga mume wangu kwenye mti ulio kando ya mlango wetu. Kiboko kilipoanza, shati lake jeupe la arusi lilichanika vipande, kisha vipande vikawa vyekundu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kisha nikaona nalia bure, nikachukua mwiko wa ugali na kumpiga nyapara usoni mpaka nyusi ikapasuka. Alinishika shingo akanitupa chini. "Bibi arusi wa skuli," akasema huku akinikanyaga mgongo, "leo utasomea matopeni!"

Walipomfungua mtamba wamrudishe, alikataa kwenda. Alivuta kamba, akamrudia mume wangu pale mtini, akaanza kumlamba mgongo ule uliochanika. Bwana alitazama hayo. Akachukua bunduki ya askari, akampiga mtamba risasi sikioni. Mtamba akaangukia kizingiti changu na ndama wake tumboni.

"Haya. Sasa yenu," akasema. "Kula."

Nilikuwa chini, nikamwona uso vizuri. Mdomo wake ulikuwa unacheza kama wa mtoto anayezuia kilio. Ana kila kitu mtu huyo, na sijawahi kumwona mtu asiye na furaha kama yeye.

Nilimwosha mume wangu kwa maji ya chumvi, nikimtoa nyuzi za shati ndani ya nyama, nikimbusu mahali palipokuwa pazima. Nilimwambia ningeingia hata kwa kifaranga, hata kwa mikono mitupu. Akageukia ukuta. "Uliingia kwa ahadi," akasema. "Ahadi imekufa. Nikikaa hivi, mimi ni mume gani?"

Tangu hapo haimbi. Chini ya kitanda chetu nimekuta debe la mafuta ya taa, limejaa. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole unaotisha, "Ngano haijakauka vizuri, mama." Mashine ya kuvuna inakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo najua anangoja siku gani aichome. Wote mnajua siku hizi mtu wa aina yetu hunyongwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikilimwaga debe, atatafuta jingine. Tukitoroka, kipande chake, ile hati ya kazi, hakijatiwa sahihi na Bwana, atakamatwa kabla ya Njoro. Nikienda kwa mkubwa yeyote kusema, nitakuwa nimemuua mimi mwenyewe.

Ninyi mliooa na kuolewa kabla yangu, semeni nami. Mwanamume aliyevunjiwa ahadi yake mlangoni hurudishwaje, naye bado ni mpole akilala, bado mkono wake hunitafuta gizani?

Msinijibu kwa posta, kwa sababu barua zetu hufunguliwa ofisini kwa Bwana. Nimempa hii dereva wa lori la viazi. Kabla ya mwezi huu kwisha nitafika mwenyewe hapo kwenu Nakuru, hata kwa miguu, kuchukua majibu yenu. Nitajitahidi tuje wawili. Mkiniona peke yangu, nipeni kiti kwanza, msiniulize.