Njaa ya Jua ni ya Wanaume Tu

Mimi uongo naunusa hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Hajazaliwa wa kunidanganya.

Ukimtoa marehemu mume wangu, aliyenidanganya miaka thelathini na moja huku namkaangia mayai.

Sasa sikieni jinsi jua lilivyowanyang'anya wanawake wanne nusu sahani.

Nawapikia mafundi wanaojenga nyumba ya ghorofa. Wanaume tisa, na wanawake wanne wa kubeba zege. Kila mtu sahani moja, imejaa, hakuna maneno.

Jumatatu msimamizi akaja jikoni na simu yake. Akanisomea kwamba watafiti wamegundua jua likiipiga ngozi ya mwanamume, ngozi inaamsha njaa. Ya mwanamke, jua hilohilo, kimya. Eti ni maumbile.

Nikamuuliza kama hao watafiti wamewahi kubeba zege. Akasema darasa la saba halitoshi kujadili sayansi.

Hapo alinipata. Hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Agizo likatoka: wanawake nusu, wanaume waongezewe. Yeye msimamizi, eti anashinda juani juu ya jengo, sahani mbili. Nikikataa, wapishi wamejaa tele mtaani.

Nikafyata mkia. Ndiyo, mimi huyuhuyu.

Alhamisi asubuhi, yule mbeba zege tunayemwita Winchi, ana mtoto wa miezi mitano, miguu ikamtetemeka kwenye ngazi, ndoo ya zege kichwani. Fundi akamdaka mkono. Ndoo ikashuka peke yake.

Akaja jikoni, hata hakulia. "Bibi, maziwa yamekata. Mtoto ananyonya hewa."

Nikamwambia anivumilie mpaka saa saba.

Saa saba foleni ikajipanga. Msimamizi akapita mbele kama kawaida yake, sahani mbili mkononi. Nikaanza kupakua polepole, nikisingizia mkono una baridi yabisi. Unayo kweli, ila siku hiyo niliizidisha.

"Leo jua limekukuta wapi, mwanangu?"

"Juu kule, Bibi. Tangu saa mbili sijaona kivuli. Njaa inaniua."

"Masikini. Hukujinyoosha hata kidogo?"

"Nijinyooshe saa ngapi?"

Wenzangu, funzo nalitia hapahapa kabla sijalisahau: utafiti ukimshibisha anayekusomea, acha kutazama simu, mtazame uso.

Nikautazama. Shavu la kushoto lilikuwa limechorwa vimraba vya mkeka, safu kwa safu, kuanzia sikioni hadi kwenye udenda uliokaukia pembeni mwa mdomo.

Nikampa mfuniko wa sufuria ajione. Foleni nzima ikasogea kumsaidia kutazama.

Akapapasa shavu. Winchi akanyoosha mkono, akaichukua ile sahani ya pili, akaenda kukaa.

"Ni jua hili," akasema msimamizi.