Aliyemhamisha Mama Kulwa

Juzi mvua ilinikuta ofisi ya kijiji, huku Kahama. Mwenyekiti alikuwa akimsihi mama mmoja ahame bondeni kabla mto haujaingia nyumbani.

“Mama Kulwa, panda kilimani kwa mke mwenzio.”

Mama akakunja mikono. “Nikapikiwe na yule? Bora maji yanibebe.”

“Majaruba yote yamezama!”

“Mpunga unapenda maji.”

Mwenyekiti akashusha pumzi. “Hata Baba Kulwa yuko huko tangu jana.”

“Kwa yule? Aliniambia anakwenda mnadani kuuza ng'ombe!”

Akafunga kanga kiunoni, akatoka mbio kwenye mvua ileile. “Naenda kubeba godoro langu!”

Ndugu zangu mnaotangaza hatari ya mafuriko, acheni kutueleza kina cha maji. Semeni tu mume amelala wapi.